Msingoje Maumivu: Wosia kwa Wajukuu wa Usambara

Wajukuu zangu,

Nawaandikia ninyi nyote, mlio hapa milimani na mlioteremka Mombo kwenda kutafuta maisha Tanga, Dar es Salaam na kwingineko. Naandika nikiwa na akili zangu timamu. Macho bado yanaona mstari na mkono bado unashika kalamu, lakini umri umesonga, na mzee hapaswi kuondoka na neno moyoni. Shamba na nyumba nimekwisha kuvigawa mbele ya mashahidi, sina la kuongeza huko. Wosia huu ni wa kitu ambacho kila mmoja wenu anacho tayari, na ambacho hakuna ndugu atakayemnyang'anya isipokuwa yeye mwenyewe akizembea. Nawausia juu ya fizi zenu.

Mlitarajia pengine niwaachie maneno ya dini, ndoa na ardhi. Hayo mmeyasikia kwangu tangu mkiwa wadogo, na wapo wengine wa kuwakumbusha. Mimi kazi yangu ya maisha ilikuwa utabibu wa kinywa na meno. Nimeshika koleo na sindano ya ganzi tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, nikihudumia watu wa huku juu, kuanzia upande wa Soni na Bumbuli hadi Mlalo na Mtae. Nisipowaambia niliyoyaona ndani ya vinywa vya watu wetu, nitakuwa nimewadhulumu.

Kama mtashika jambo moja tu katika barua hii, lishikeni hili: ugonjwa wa fizi hauumi. Huanza bila maumivu, hukomaa bila maumivu, na siku unapouma, mara nyingi jino limekwisha kupotea. Mwenye jino lililotoboka husukumwa hospitali na maumivu, hata kama ni usiku wa manane. Mwenye ugonjwa wa fizi hana wa kumsukuma isipokuwa damu anayoiona akitema mate asubuhi. Itiini damu hiyo, msingoje maumivu.

Kila nilikopita nilikuta watu wakisema neno moja: "Ndiyo uzee huo, daktari." Anakuja mtu wa miaka 45, meno ya mbele ya chini yanacheza, naye amekwisha kukata tamaa. Anataka yang'olewe arudi shambani. Nikilishika jino linatoka bila shida. Likitoka, ukiligeuzageuza halina tundu hata moja. Ni jino zima, limebeba ugaga, lile gamba gumu la meno, hadi karibu na ncha ya mzizi. Jino lenyewe halikuugua. Kilichougua ni kile kilicholishika.

Ninyi ni watoto wa miteremko, kwa hiyo mtanielewa upesi. Mradi wa SECAP ulipoanza hapa Lushoto mwaka 1981, ukatufundisha kupanda majani ya Guatemala kwenye kontua ili kuzuia mmomonyoko, ilibidi wazee waoneshwe kwanza kwamba udongo unaondoka. Maji ya masika huchukua kidogo tu kila mwaka, na mti husimama vilevile, umebeba majani na matunda. Mizizi ikishabaki wazi, upepo wa kawaida unauangusha, na watu wanaulaumu upepo. Ufizi na mfupa wa taya ndio udongo wa jino. Uzee ni ule upepo: unakuta kazi imekwisha kufanyika.

Kwamba uzee si mhusika mkuu, halikuwa wazo langu. Lilithibitishwa kwa watu wanaofanana sana na majirani zetu wa Mponde, vibarua wa mashamba ya chai. Mwaka 1970 Harald Löe, mtaalamu wa meno kutoka Norwe, na wenzake walianza kuwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka. Watu hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki, wala hawakupata huduma yoyote ya meno. Watafiti waliwarudia na kuwapima hadi mwaka 1985, wakachapisha matokeo mwaka uliofuata. Vinywa vyote vilikuwa na ukoga, ule utando laini wa meno, na ugaga, na karibu fizi zote zilikuwa zimevimba. Hata hivyo watu hao waligawanyika makundi matatu. Katika kila 100, watu 11 hawakupita hatua ya fizi kuvimba. Watu 81 waliharibikiwa polepole, na walipofikia miaka 45 walikuwa wamepoteza wastani wa meno saba. Watu 8 waliharibikiwa kwa kasi ya kutisha: walipofikia umri wa miaka 35 walikuwa wamepoteza meno 12, na walipofikia miaka 45 walikuwa hawana hata moja.

Jirani zetu wa Kenya nao walichunguzwa. Katika wilaya ya Machakos watafiti walipima watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65, na taarifa ikatoka mwaka 1988. Ukoga na ugaga vilikuwa vimetapakaa, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umelundikana kwa sehemu ndogo ya watu. Maana yake ni kwamba uchafu wa kinywa ndio unaoanzisha ugonjwa, lakini uchafu peke yake hausemi nani atabaki bila meno. Kuna mambo mengine yanayomfanya mtu mmoja ateketee na mwenzake anusurike. Kwa kuwa hakuna anayejua mapema amezaliwa katika kundi lipi, mwenye busara hujichunga kana kwamba yumo katika wale 8.

Sasa sikieni ugonjwa huu unavyokwenda.

Saa chache tu baada ya kupiga mswaki, bakteria huanza kujishika upya kwenye jino na kutanda utando laini. Huo ndio ukoga. Pitisheni ukucha kwenye shina la jino asubuhi kabla ya mswaki, mtaukuta: ute mzito, mweupe au wa njano. Kusukutua maji hakuuondoi. Kutafuna muwa hakuuondoi pia, hata kama huku kwetu watu wanaapa kwamba muwa unasafisha meno, kwa sababu muwa haufiki pale jino linapokutana na ufizi. Ukoga huondoka kwa kusuguliwa, na ukiachwa ndipo hatua ya kwanza ya ugonjwa inapoanza. Mwili unaona bakteria wamejikusanya mlangoni, unapeleka damu na askari wake. Ufizi mzima umekaza, umelishika jino, na hautoki damu kwa kuguswa. Ufizi uliovimba huwa mwekundu zaidi, laini, unang'aa, na unatoa damu ukipiga mswaki au ukiuma pera.

Hatua hii ndiyo neema kubwa tuliyopewa, kwa sababu hurudi nyuma kabisa. Mwaka 1965 huyo huyo Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio lililobadilisha elimu yetu. Watu 12 wenye fizi nzima walikubali kuacha kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zilipona katika muda wa wiki moja hivi, bila dawa yoyote. Fikirini basi: mtu anaweza kujiharibia ndani ya wiki tatu na kujitengeneza ndani ya wiki moja, akiwahi.

Asipowahi, ukoga hushikwa na madini ya mate, kalisi na fosfeti, ukageuka kuwa gamba gumu. Huo ndio ugaga. Hupenda kuanza nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa kuwa hapo ndipo mirija ya mate inapofungukia. Ugaga una mikwaruzo inayohifadhi ukoga mpya, na mswaki hauutoi hata ukisugua hadi utokwe na jasho. Lazima ukwanguliwe kwa chombo cha kitaalamu.

Kisha hatari inaingia chini ya ufizi. Ufizi unaachana na jino, panatokea mfuko. Kwa mtu mwenye fizi nzima, nafasi iliyopo kati ya jino na ufizi huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Mtaalamu huingiza kipimo chembamba chenye kichwa kidogo cha mviringo na mistari ya kupimia, bila kuumiza, na akikuta milimita 4 au zaidi anajua kuna kazi. Ndani ya mfuko huo hakuna hewa ya kutosha, na ndiyo mazingira wanayoyapenda bakteria wabaya zaidi. Mswaki haufiki huko. Pumzi inaanza kunuka, na mwenyewe mara nyingi hajui.

Hapo ndipo mfupa unapoanza kuliwa. Lieleweni vizuri jambo hili, kwa maana wengi hudhani bakteria ndio wanaotafuna mfupa. Kinachouyeyusha mfupa hasa ni vita ya mwili wenyewe. Mwili ukipigana na adui asiyeondoka, mwaka baada ya mwaka, kemikali za vita hiyo huvunja nyuzi zinazolishika jino na kuamsha chembe zinazoyeyusha mfupa. Nao mfupa wa taya ukishaondoka haurudi wenyewe. Kabla ya hapo mgonjwa hupona kabisa. Baada ya hapo tunaweza kuusimamisha ugonjwa na kulinda kilichobaki, lakini kilichokwenda kimekwenda. Kwa wengi wenu mpaka huo bado uko mbele, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi vijana, siwaandikii wazee wenzangu.

Dalili za baadaye ni hizi: meno yanaonekana marefu kwa sababu ufizi umeshuka, usaha unatoka ukibonyeza ufizi, na jino linacheza. Pia meno huachana. Mwanya uliozaliwa nao ni pambo, na mabinti wa pwani husifiwa kwa huo. Mwanya unaokujia ukubwani ni dalili ya ugonjwa. Na msidanganyike na kipindi cha utulivu. Ugonjwa huu hauendi kwa mwendo mmoja. Unaweza kulala miezi mingi, kisha ukaamka upande mmoja wa kinywa na kuchimba kwa kasi. Damu ikikoma yenyewe, msihesabu kwamba mmepona hadi mpimwe.

Nimesema kuna mambo yanayoongeza hatari. Nitayataja moja moja, kila mmoja ajitafute.

Tumbaku ndiyo ya kwanza, na hapa nawasihi hasa ninyi mnaoendesha malori ya kabichi na viazi usiku kucha, mkivuta sigara ili msisinzie. Moshi hudhoofisha askari wa mwili na kuzuia fizi kupona. Ubaya wake wa pili ni kwamba huficha ishara: mishipa midogo ya damu hubanwa, fizi hazivimbi sana wala hazitoki damu kama inavyopaswa. Nimewapima madereva waliojisifu kwamba hawajawahi kuona damu mdomoni, fizi zao zimepauka na kukaza, na chini yake mifuko ya milimita 7. Mvutaji amefunga mdomo wa shahidi wake wa pekee. Wanaoweka ugoro au tumbaku ya kutafuna ndani ya mdomo nao hupoteza ufizi pale pale wanapouhifadhi, mbali na hatari ya saratani. Anayeacha tumbaku leo anaanza kupata nafuu, hata kama amevuta miaka mingi.

Ya pili ni kisukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari, na wengi hawakuwa wakijua. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa ana hatari ya ugonjwa wa fizi mara mbili hadi tatu kuliko mwenzake. Tena njia hiyo ina pande mbili: fizi zilizovimba kila siku hufanya sukari ya damu iwe ngumu kushuka, na fizi zikitibiwa sukari hushuka kidogo, kwa kiasi kinachoonekana kwenye vipimo. Kwa hiyo mtu akipata majipu ya ufizi mara kwa mara, apimwe sukari. Na aliyeambiwa ana kisukari asitoke kliniki bila kuuliza habari za fizi zake.

Ya tatu inawahusu mabinti na wake zenu. Wakati wa ujauzito homoni huzifanya fizi ziitikie ukoga kidogo kwa uvimbe mkubwa, na wakati mwingine huota kinundu chekundu kinachotoka damu. Asiogope, na asiache mswaki kwa kuogopa damu, kwa maana akiacha ndipo inapozidi. Kuna utafiti wa nchi nyingine uliohusisha ugonjwa wa fizi na watoto kuzaliwa kabla ya wakati, ila uliofanyika katika Hospitali ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 haukuona uhusiano huo. Msimtishe mjamzito kwa jambo ambalo halijakaa sawa. Mwambieni lililo hakika: kusafishwa meno akiwa na mimba ni salama, na mtoto hali meno ya mama yake.

Ya nne ni dawa. Fenitoini wanayopewa baadhi ya wenye kifafa, na nifedipini wanayopewa baadhi ya wenye shinikizo la damu, huweza kukuza ufizi ukafunika meno, hasa penye ukoga. Asiache mtu dawa yake kwa sababu ya barua ya babu. Amwambie daktari, maana mara nyingi ipo dawa nyingine, na kinywa safi hupunguza sana tatizo.

Ya tano ni udhaifu wa mwili. Virusi vya Ukimwi visivyodhibitiwa huweza kuleta vidonda vikali vya fizi, vyenye maumivu na harufu, na huo ni mmoja wa magonjwa machache ya fizi yanayouma tangu mwanzo. Msongo mkubwa wa mawazo na kukosa lishe navyo huchangia. Lakini nisikilizeni kuhusu lishe. Huku kwetu kila ufizi unaotoka damu huitwa kiseyeye, na mgonjwa huambiwa anyonye ndimu. Kiseyeye cha kweli hutokana na kukosa vitamini C kwa miezi. Katika milima hii ya mapera, plamu, machungwa na mboga za majani hakitokei kirahisi. Ndimu haikwangui ugaga, na ukiisugua kwenye meno kila siku asidi yake hula gamba la juu la jino. Kuleni matunda kwa afya yenu, na ugaga upelekeni kwa mtaalamu.

Ya sita ni damu ya ukoo. Kuna aina ya ugonjwa huu inayowashika vijana baada ya balehe, ikichimba mfupa wa magego ya kwanza na meno ya mbele kwa kasi, hata kama kinywa hakionekani kichafu. Hutembea ndani ya familia. Kijana wa miaka 17 ambaye jino lake la mbele linacheza bila kupigwa ngumi wala kuanguka, asiambiwe amerogwa. Apelekwe hospitali, na ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe.

Ya saba ni kinywa kukauka. Mate hulinda kinywa. Mirungi, ambayo sheria ya nchi inaikataza ingawa inaota katika milima yetu, hukausha mate, na anayeitafuna usiku mzima kwa kawaida huongezea sigara na soda.

Na wenye watoto wadogo, nawaachia onyo la pekee. Mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, akipata kidonda cha ufizi chenye harufu kali na shavu likaanza kuvimba, msilale naye nyumbani hata usiku mmoja. Inaweza kuwa noma, ugonjwa unaoanzia kwenye ufizi na kula shavu ndani ya siku chache. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6 katika familia maskini, na wengi wasiotibiwa hufa. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwezi Desemba 2023. Ukiwahiwa mwanzoni, dawa za kawaida za kuua bakteria, usafi wa kinywa na chakula bora huuzuia.

Sasa nawausia mambo ya kutenda.

La kwanza: sugueni pale jino linapokutana na ufizi, asubuhi na usiku, kwa dakika mbili. Mswaki uwe laini, uinamisheni kuelekea ufizi, usogee kwa mwendo mfupi. Wengi wetu tunang'arisha meno ya mbele kwa nje, sehemu zinazoonekana tukicheka, tukisahau upande wa ndani wa meno ya chini, na huko ndiko ugaga unakoanzia. Usiku ni muhimu zaidi, kwa maana ukilala mate hupungua.

La pili: ukiona damu, usiache mswaki. Endelea kwa upole na kwa uangalifu zaidi mahali pale pale. Kama baada ya wiki mbili za usafi mzuri bado inatoka, kuna kitu ambacho mkono wako hauwezi kukifikia. Nenda ukapimwe.

La tatu: asiye na fedha ya mswaki wa dukani asitumie hilo kama udhuru. Mswaki wa mti ni urithi wetu, na Waislamu mnaujua kama suna. Mti wenyewe unaota kule chini nyikani, upande wa Mkomazi. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake kwa jamii zenye desturi hiyo. Utafuneni ncha hadi iwe nyuzi laini, ikichakaa ikateni, na ufikisheni ndani na nyuma ya magego kama mnavyofanya mbele. Mkaa, mchanga na majivu yaacheni, yanakwaruza jino na kuumiza ufizi.

La nne: kati ya jino na jino, mswaki hauingii. Tumieni uzi wa meno au brashi ndogo za mianya mkizipata. Msichokoe kwa pini wala waya.

La tano: nendeni hospitali kusafishwa, msiende kung'olewa tu. Watu wetu hupanda gari kwenda hospitali ya wilaya hapa Lushoto, au Bombo kule Tanga, siku jino lilipowashinda, wakati nauli ile ile ingetumika mapema ingeokoa meno kumi. Nendeni angalau mara moja kwa mwaka, na aliye na mifuko ya ufizi afuate miadi atakayopewa, ambayo huwa kila miezi mitatu hadi sita. Ugaga ukishakwanguliwa mtahisi mianya na meno kana kwamba yamelegea. Msiamini wanaosema kusafisha kumeyalegeza. Ugaga hauyashikilii meno. Ulichukua nafasi ya ufizi na mfupa vilivyoondoka.

La sita: msinunue vidonge vya metronidazoli dukani kila fizi zikivimba. Vidonge haviondoi ugaga. Uvimbe utapungua siku chache, mtajiona mmepona, na ugonjwa utaendelea kimya kimya chini. Mtaalamu akiona dawa inahitajika ataandika.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Msione basi haya kumwambia mtaalamu kwamba kinywa kinanuka au jino linacheza. Wagonjwa wangu wengi walichelewa kwa aibu, wakafunika mdomo kwa mkono wakicheka miaka na miaka, na tiba yao ya awali ingekuwa kukaa kwenye kiti kwa nusu saa.

Ninyi mliobaki shuleni, mmoja wenu ashike kazi hii. Muhimbili imekuwa ikifundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1979, lakini vijiji vyetu vya ndani bado viko mbali na kiti cha meno. Atakayesoma arudi milimani. Asingoje wagonjwa mlangoni tu. Aende shuleni, kanisani na msikitini, awafundishe watu kuiogopa damu kabla ya kuyaogopa maumivu.

Nawaacha mikononi mwa Mungu. Awape umri mrefu, chakula cha kutosha na meno ya kukilia. Mkubwa wenu atawasomea barua hii mkiwa mmekusanyika, na akimaliza, kila mmoja ataje mbele ya wenzake mwezi atakaokwenda kupimwa fizi, kisha mkubwa aandike majina na miezi hiyo nyuma ya karatasi hii. Mwezi wa mtu ukifika naye hajaenda, wenzake wamsindikize.

Ni mimi babu yenu,
Lushoto